Wakienda Geneva, wapitie Mpondwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Mbale, aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mikutano ya kimataifa ya afya ni safari za posho, kwamba wakubwa wanapanda ndege kwenda Geneva, Uswisi, yaliko makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, wanapiga picha, wanarudi na mabegi, na kwamba serikali ingeacha kwenda ikaokoa fedha. Kuhusu posho sina ugomvi naye. Lakini anaposema maneno ya kule hayafiki huku, hapo tumeachana. Laiti yangekuwa hayafiki! Yanafika mpaka ndani ya karai langu la samaki.

Mimi ni mchuuzi hapa Mpondwe, wilaya ya Kasese. Nanunua samaki wa Ziwa Edward, wa moshi na wa chumvi, nawauza ng'ambo ya mto Lhubiriha, pale Kasindi upande wa Congo, na nikirudi nabeba mawese. Vilevile ni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT kama tunavyoitwa, kazi ya kujitolea ambayo malipo yake ni fulana na asante. Nilizaliwa ng'ambo nikaolewa huku, ndiyo maana Kiswahili changu kina harufu ya Beni. Mnivumilie.

Tuanze na Juni 2019, maana hapo ndipo nilipoanza kufuatilia mambo ya Geneva. Ebola ilikuwa imeua watu zaidi ya elfu moja Congo, na sisi wa mpakani tulijua ni suala la muda tu. Tarehe 9 familia moja iliingia Uganda ikitokea ng'ambo kwenye msiba, ikiwa na mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa. Walimpeleka hospitali ya Kagando. Wahudumu wa pale, Mungu awabariki, walishtuka mapema, mtoto akahamishiwa kitengo cha Ebola cha Bwera, na tarehe 11 maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ikathibitisha kuwa ni Ebola. Mtoto alifariki. Bibi yake naye akafariki.

Siku zile nilikuwa napita nyumba hadi nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kueleza dalili: homa, kutapika, damu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya mazishi, kwa kuwa kumzuia Mkonzo, mtu wa kabila la hapa, asimguse maiti wa mama yake si jambo la kusema ukiwa umesimama mlangoni; unaingia, unakaa, unasubiri. Lakini swali la kwanza katika kila nyumba halikuwa hilo. Mzee mmoja mwenye duka la vitenge hakuningoja hata nisalimie. "Mama, watafunga?" Nikamjibu, "Sijui, baba." Mwenye nyanya, mwenye bodaboda, mama wa mihogo, wote hilohilo: watafunga? Mpaka huu ukifungwa mchana, jioni kuna nyumba hazipiki. Tena watu hawaachi kuvuka. Wanahamia njia za panya, ambako hakuna ndoo ya klorini wala kijana wa kukuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso.

Jibu la swali la yule mzee lilikuwa linajadiliwa mbali sana na duka lake. Tarehe 14 Juni kamati ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliketi. Hii ni kamati ya wataalamu inayomshauri mkurugenzi mkuu kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Inajiuliza kama tukio si la kawaida, kama linaweza kuvuka mipaka, na kama linahitaji dunia iingie kwa pamoja. Ebola ilikuwa imeshavuka, imefika kwetu, imeua. Kamati ikaisifu Uganda kwa kujiandaa, ikasikitika kwamba fedha zilizohitajika hazijatolewa, kisha ikasema hii bado si dharura ya kimataifa. Kaimu mwenyekiti wake, Preben Aavitsland wa Norway, alieleza kwamba kutangaza hakuna faida na huenda kukaleta hasara kubwa. Hasara waliyoiogopa ni nchi kufunga mipaka na kuzuia biashara.

Kama mchuuzi, nilishusha pumzi. Kama VHT, nilikasirika. Mpaka leo sijaweza kuchagua moja, na wala sioni kwa nini nichague. Hofu yao ya kufungwa mipaka ilikuwa ya kweli, naikubali. Lakini "hakuna faida" ni neno la mtu ambaye hajawahi kuomba glavu akaambiwa mgawane. Basi tukaendelea. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Julai, Ebola ikathibitishwa Goma, na tarehe 17 kamati ileile ikakaa tena na dharura ikatangazwa. Goma ina uwanja wa ndege. Mpondwe ina daraja.

Na je, waliogopa bure? Walipotangaza walisisitiza nchi zisifunge mipaka. Tarehe 1 Agosti Rwanda ikaufunga mpaka wake na Goma kwa saa kadhaa kabla ya kuufungua. Mwaka uliofuata ndiyo kabisa. Januari 2020 WHO ilipotangaza dharura ya Covid ilishauri tena nchi zisizuie safari, na kufikia Machi nusu ya dunia ilikuwa imejifungia, sisi tukiwemo. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, sisi wa makarai tukabaki tunayatazama. Kanuni zinasema nchi ikiweka kizuizi kizito kupita ushauri wa WHO, ieleze sababu zake ndani ya saa 48. Waliojieleza kwa WHO walijieleza. Kwa mwenye karai la samaki hakuna aliyeleta sababu.

Sasa msomaji wa Mbale atasema, unaona? Hawana nguvu. La hasha. Mkutano unaweza kukosa nguvu ya kumzuia rais asifunge mpaka, na papo hapo ukawa na nguvu ya kuamua nani anadungwa sindano. Novemba 2018, kabla hatujapata mgonjwa hata mmoja, Uganda ilianza kuwachanja wahudumu wa afya wa wilaya za mpakani. Chanjo yenyewe ilikuwa bado haijapata leseni popote. Wazo hilo halikuzaliwa Bwera. Washauri wa chanjo wa WHO walikuwa wamekaa na kupendekeza kwamba wahudumu wa nchi jirani walio hatarini wachanjwe, na wizara yetu ikakubali haraka. Kwa hiyo mtoto yule alipofika Bwera, waliompokea wengi wao walikuwa wameshachanjwa. Hakuna muuguzi wetu aliyeambukizwa. Nani atasema kikao kile kilikuwa cha posho?

Na mwisho wa Agosti 2019, msichana wa miaka 9 aliyevuka na mama yake alinaswa palepale mpakani, kwenye kipimajoto. Naye tulimpoteza, masikini. Lakini ugonjwa haukuvuka kituo kile kwenda sokoni, kwa sababu kijana mmoja aliyesimama juani alifanya kazi yake.

Nilipata muda baadaye wa kusoma historia ya mambo haya, kwa Kifaransa changu cha shule ya Congo, maana hati za WHO zinatoka kwa lugha sita na yetu haimo. Mkutano wa kwanza wa namna hii ulifanyika Paris mwaka 1851, kwa sababu ya kipindupindu na tauni. Nchi 12 zilihudhuria, na kila moja ilileta daktari mmoja na mwanadiplomasia mmoja. Walikaa miezi sita, wakiminyana kati ya afya na biashara ya meli, na walitawanyika bila mkataba uliofanya kazi. Mkataba wa kwanza ulipatikana mwaka 1892. Nilicheka peke yangu. Daktari na mwanadiplomasia, na mchuuzi hakualikwa, na mpaka leo ni hivyohivyo.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu si mipaka. Ni damu.

Ng'ambo ya milima ya Rwenzori, kwa jirani zetu wa Bundibugyo, mwaka 2007 watu walianza kufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana mara moja. Sampuli zilipelekwa mpaka Atlanta, Marekani, na huko ikagundulika kuwa ni aina mpya ya Ebola. Ikapewa jina la wilaya. Imepita miaka mingi, na nilipoandika barua hii hakuna chanjo yenye leseni ya Ebola ya Bundibugyo. Iliyo na leseni ni ya aina ya Zaire. Damu ilitoka, elimu ikapatikana, makala zikaandikwa, na mtu wa Bundibugyo kama ugonjwa ukirudi kesho atapewa maji ya drip na maombi.

Halafu Mubende, 2022. Hiyo ilikuwa aina ya Sudan, nayo haikuwa na chanjo. Watu 55 walifariki kati ya wale waliothibitishwa na maabara. Chanjo za majaribio zilitua Entebbe Desemba, wakati mgonjwa wa mwisho alikuwa ameshatoka hospitali, na mlipuko ukatangazwa kwisha Januari 2023. Lakini angalieni kilichofuata. Ugonjwa huohuo ulitangazwa tena Kampala tarehe 30 Januari 2025, na tarehe 3 Februari majaribio ya chanjo yalianza. Siku nne! Kwa nini haikuwezekana mara ya kwanza na ikawezekana ya pili? Kwa sababu katikati watu walikaa. Wanasayansi wetu, WHO, watengenezaji na wadhibiti wa dawa walikuwa wameshakubaliana mapema taratibu za majaribio, na dozi zilikuwa tayari nchini. Mkutano wa maana ni ule unaofanyika kabla ya kilio. Hili namwachia ndugu yangu wa Mbale alitafakari.

Ndiyo maana Mei 2025 nilikuwa nasikiliza redio kwa makini kuliko vijana wanavyosikiliza mpira. Tarehe 20 Mei Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Mkataba wa Majanga ya Maradhi, baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka mitatu. Siku moja kabla, kwenye kamati, nchi 124 zilikubali, 11 zikajizuia, hakuna iliyopinga. Marekani ilikuwa imeshatangaza kuondoka WHO na haikuwemo. Furaha ikawa kubwa, makofi, picha. Sasa jambo ambalo redio zilipita juu yake kwa haraka ni kwamba kiini cha mkataba kiliachwa nje. Kile kipengele cha nani anatoa sampuli za virusi na anapata nini kwa kuzitoa kilishindikana, kikasukumwa kwenye kiambatisho cha kujadiliwa baadaye na kuletwa mbele ya mkutano wa Mei 2026. Bila kiambatisho hicho mkataba hauwezi hata kufunguliwa utiwe saini, na baada ya hapo zinahitajika nchi 60 kuuridhia ndipo uanze kufanya kazi.

Kilichokwisha kuandikwa ni hiki: viwanda vitakavyoshiriki, janga likitokea, vitaiwekea WHO asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vinavyotengenezwa wakati huo, na angalau nusu ya hizo ziwe bure. Zilizobaki ni kwa bei nafuu. Si haba. Nakumbuka Machi 2021 Uganda ilipopokea dozi za kwanza za Covid kupitia Covax, mpango wa dunia wa kugawana chanjo, dozi 864,000 kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 40, na mwezi huohuo India, zilikotengenezwa, ikabana usafirishaji kwa sababu watu wake nao walikuwa wanakufa. Nchi tajiri zilikuwa zimeshalipia za kwao kabla hazijatoka kiwandani. Wakati ule asilimia 20 iliyoandikwa kwenye karatasi ingetusaidia sana.

Lakini asilimia 20 ya dunia ikigawanywa, aliyetoa damu anasimama wapi kwenye foleni? Hilo ndilo swali langu. Na kuna jingine lililo gumu zaidi. Zamani ili virusi viende Atlanta vilihitaji sanduku la barafu, barua za ruhusa, ndege. Siku hizi vinasomwa palepale maabara, na taarifa za vinasaba vyake zinahitaji bando tu. Zikishapanda mtandaoni, kiwanda chochote duniani kinaanza kazi bila hata kujua Mpondwe iko wapi. Indonesia iliwahi kuliona hili. Mwaka 2007 ilikataa kutoa sampuli za mafua ya ndege kwa kuwa chanjo zilizotokana nazo ilikuwa haiwezi kuzinunua, na kelele zake ndizo zilizozaa utaratibu wa WHO wa mwaka 2011 wa kugawana virusi vya mafua na manufaa yake. Utaratibu huo ni wa mafua ya mlipuko tu. Ebola haimo.

Mimi sitaki Uganda izuie sampuli. Nimeona Bwera maana ya jibu la maabara kufika mapema, na anayeficha ugonjwa anamuua jirani. Ninachotaka ni kwamba anayechukua virusi au taarifa zake ajulikane kwa jina, atie saini mkataba kabla ya kuchukua, na mkataba huo uwe na deni: chanjo ikipatikana, wilaya ilikotoka sampuli ihudumiwe mwanzoni, si baada ya wengine kushiba. Nchi za Afrika zimekuwa zikidai jambo la namna hii kwa pamoja na nazipongeza. Lakini sijasikia hata mara moja waziri, mbunge wetu, wala afisa yeyote akija kusimama Bwera au Bundibugyo au Mubende kusema: jamani, tunakwenda kusema hivi kwa niaba yenu, mnaonaje?

Na nisije nikaonekana nawatupia wazungu kila kitu. Aprili 2001 marais wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, si Geneva, wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi yao wenyewe, kwa hiari yao. Uganda haijaifikisha, na miaka mingi haikukaribia hata 10. Mwaka 2005 Mfuko wa Dunia wa Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulisimamisha fedha zake kwetu kwa sababu ya ubadhirifu, mpaka ikaundwa tume ya Jaji Ogoola kuchunguza. Fedha zile zilipatikana kwa mikutano, zikapotelea kwenye ofisi za hapa nyumbani. Sasa Marekani imekata misaada, bajeti ya WHO ya 2026 na 2027 imepunguzwa hadi dola bilioni 4.2, na ule mradi uliokuwa ukitupa VHT nauli ya kwenda kuripoti umekwisha. Naenda kwa miguu. Nikiwa natembea nina muda mwingi wa kufikiria ile asilimia 15.

Ombi langu kwa wizara, kupitia gazeti lako, ni hili. Kabla ujumbe wa Uganda haujapanda ndege Mei, msimamo wetu kuhusu kiambatisho hicho uandikwe kwa ukurasa mmoja, kwa lugha ambazo mtu wa mpakani anazisoma, upelekwe bungeni na usomwe redioni. Kisha maafisa watakaokwenda kuzungumza waje kwanza kwenye wilaya hizi ambazo virusi hupitia, wakae nasi nusu siku. Wamlete yule anayeandika hasa, si wa kufungua mkutano na kuondoka. Sisi tutamweleza jinsi mtu anavyoficha homa ili auze nyanya zake, kwa nini watu wa mpaka huu wanamwamini mchungaji kuliko kipaza sauti cha gari, na njia za panya zinaanzia wapi. Nasi tutamuuliza kuhusu foleni ya chanjo. Wakirudi Juni, watuambie walisema nini na walijibiwa nini, hata kama walishindwa.

Ukumbi wa halmashauri upo na viti vinatosha. Soda si lazima. Ila wasiuweke mkutano siku ya soko, maana hapo watakuta wenye ofisi peke yao, sisi wengine tutakuwa ng'ambo tunauza.

Ni mimi,
Mchuuzi wa samaki na VHT,
Mpondwe, Kasese